Mito ya Fulana Siku Aliyoposwa Hodan

Enzi zetu kule Waberi, wenzangu mtakumbuka, fulana ilikuwa haitupwi. Kaka akiichoka inashuka kwa mdogo wake, ikimbana inashuka tena, na ikifika mahali ambapo hata sisi tunaona aibu kuivaa, Hooyo, mama yetu, anachomoa makasi chini ya godoro na kusema, "Leteni niizike." Aliizika kwa heshima zote! Anaifua, anaipiga pasi ya makaa, anakata mikono, anashona, anajaza matambara, na Ijumaa mnaiegemea sebuleni ikiwa mto. Tulikaa chini siku zile, mito imepangwa ukutani pande zote, uvumba unafuka, chai ya maziwa ya ngamia inazunguka. Raha iliyoje!

Fulana zilizotujaa zaidi ni za uchaguzi. Kila mgombea alizigawa zikiwa na sura yake kifuani. Lakini wageni walisali humo humo sebuleni, na Hooyo hakutaka sura yoyote iwatazame, kwa hiyo tulizishona ndani nje, waheshimiwa wakabaki gizani na matambara yao. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona fundi mkubwa.

Basi dada yangu Hodan akapata mchumba, mwalimu mpole, akampenda mpaka akawa anasahau chumvi kwenye mchuzi. Tatizo ni kwamba baba yake huyo mwalimu aliwahi kugombea udiwani akaanguka vibaya, na fulana zake kwetu zilikuwa nne. Zote mito.

"Atakayetaja uchaguzi mbele ya mzee huyo," Hooyo akatuonya, "nitampeleka kijijini Kotile achunge mbuzi mpaka azeeke."

Siku ya posa wazee wakaja. Wanawake wakakaa nyuma ya pazia, mimi nikapewa chupa ya chai niwahudumie wazee. Yule mzee, mtu wa mwili wake, akachagua mto nilioushona mimi, akauegemea kwa kiwiko. Nikausikia mshono wangu: prrr! Matambara yakamwagika. Akaingiza mkono ayarudishe, fulana ikageuka, akakutana na uso wake mwenyewe ukimtabasamia.

Jamani! Aabo, baba yetu, akatazama dari. Nami nikajua nimemvunjia dada yangu posa kwa uzi mbovu, machozi yakanilenga.

"Hii kazi ya nani?" mzee akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya Hodan ikatoka nyuma ya pazia, jambo ambalo mposwa hathubutu: "Yangu, Adeer, ami yangu. Nisamehe."

Mzee akaugeuza mto, akaukagua mbele na nyuma. "Wallahi," akasema, "tangu nianguke, uso huu nimeuona gereji ukipangusa oili. Nimeuona mgongoni mwa punda wa maji. Hii ndiyo nyumba ya kwanza kunifua na kunipiga pasi. Nipeni binti huyu!"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika, Aabo akafuata, wazee wote wakafuata, chai ikamwagika kwenye zulia, na Hooyo akajisahau akapiga kigelegele kabla hata posa haijajibiwa. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Sijapata kumpenda dada yangu kama siku ile.

Watoto wetu wa leo, Mungu awahifadhi, mto wanauagiza kwa simu, ukifumuka wanaagiza mwingine. Sindano wakiiona wanadhani ni ya kliniki. Binti yangu ameposwa mwezi uliopita, hotelini, kwenye mito ya kukodi, myeupe yote, na mpiga picha akituamuru tukae wima. Mambo yalikwenda salama, alhamdulillahi, na wakwe ni watu wema, nadhani. Nasema nadhani kwa sababu tulikaa nao saa tatu nzima, na meno yao nimekuja kuyaona kwenye picha.