Mwaka Tulipomuaga Mama

Nikisikia harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende kwenye masanduku ya nguo, narudi utotoni Nyakakika, msimu wa mvua, nyumba nzima inanuka koti. Lilikuwa jeusi, zito, linafika kwenye vifundo vya miguu. Baba alilitoa Murongo, mpakani na Uganda, alikokuwa akiuza mitumba. Alimletea Mama, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, kwa sababu Mama alikuwa amechaguliwa kwenda Ujerumani katika mpango wa kubadilishana walimu: yeye akafundishe kule muhula mmoja, na mwalimu wa kule aje kwetu. Jamani, Mama alilijaribu lile koti uani saa saba mchana, jasho linamtiririka, Baba akimtania, "Vipi mzungu wangu, barafu imekupata?" Mama akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, Mama yule. Nasema yule kwa sababu sijamwona tena.

Bibi, mama yake Baba, tulikuwa tunaishi naye. Nyumbani tulisema Kinyambo; Kiswahili Bibi alikiokota kanisani na misibani tu. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipokuja kutualika kwenye sherehe ya kumuaga Mama, Bibi aliacha kumenya ndizi, kisu kikabaki hewani. Neno lile la kuaga yeye alikuwa akilisikia jeneza linapofunguliwa watu wapite. "Mwenye uhai anaaga mwenyewe," alisema mgeni alipoondoka. "Anayeagwa ni maiti. Waambie waseme wanamsindikiza." Baba akamjibu, "Mama, hicho ni Kiswahili tu," na sisi wote tukacheka, hata mimi wa miaka tisa, nikijiona najua Kiswahili kuliko Bibi. Siku ya sherehe wanafunzi walipangwa mstari wakampe Mama mkono. Mwalimu wa zamu alikuwa amewakataza kelele, basi wakapita kimya kimya, mmoja mmoja, wanainama kidogo, wanatokea upande wa pili. Wengine walikuwa wanalia. Bibi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Nilimtazama Bibi, nikautazama ule mstari. Nilitamani kumvuta Mama atoke kwenye kile kiti alichokalishwa.

Aliondoka alfajiri kwenda Bukoba kupanda ndege. Kesho yake jioni, manyunyu yanaanguka, Bibi alinituma kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba, nikakate majani ya kufunikia chungu. Nikainua macho. Koti jeusi lilikuwa limesimama katikati ya migomba, na juu yake uso wa Mama, umelowa, midomo imekauka. Ndege imeanguka, nikajua, na huyu ni mzimu wake. "Koku," likaniambia, "usipige kelele." Weee! Nilipiga mayowe nikakimbia mpaka kandambili zikabaki kwenye matope. Bibi akatoka, akasimama kwenye mlango wa uani akiuziba kwa mwili wake.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Safari imefutwa. Wamenipigia simu nikiwa Bukoba, shule ya kule imejitoa."

"Na kwa nini unapita kibanjani kama mwizi?"

"Ningepitaje madukani, Mama? Watu wote wameniaga."

Bibi hakusogea. Akaniagiza nilete chumvi. Kwake yeye wafu hawali chumvi, na Ulutheri wake wote haukuwahi kumtoa hapo. Mama akakinga kiganja, akailamba ile chumvi mbele yetu, mwalimu mzima, machozi yakimdondoka. Ndipo Bibi alipomshika mkono. "Ingia, mwanangu. Pole." Mama akaingia, na mimi nikabaki nje na mvua yangu.

Mimi ile chumvi haikunitosha. Wiki nzima niliamka kumgusa shingo nione kama ana joto. Majirani nao walikuja na mikungu ya ndizi, wakakaa kwenye mkeka wakisema kwa sauti ya chini, "Pole, Mwalimu, kazi ya Mungu," wakaondoka wakijifuta macho. Aliporudi darasani, watoto walisimama wakamwamkia shikamoo, kisha kabinti kamoja kakauliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, si tulishakuaga?" Alimsimulia Baba hilo jikoni, akicheka, na kicheko kikakatika katikati. Tangu hapo sauti yake ikashuka, akawa mtu wa kujibu "ndiyo" na "hapana". Nilikuwa namwogopa mama yangu na huku namtamani arudi, naye amekaa mbele yangu anachambua maharage. Mwaka haukuisha akaomba uhamisho, tukahamia Murongo, wilayani Kyerwa, Bibi naye tukaenda naye. "Huku hakuna aliyeniaga," alisema tukishusha magodoro. Lilikuwa neno lake refu kuliko yote ya safari ile.

Siku hizi naishi Kayanga na wanangu. Kwao Ujerumani ni jina la timu ya mpira. Mtu akienda ng'ambo, jioni yake wanamwona kwenye simu akila. Nikiwasimulia habari ya koti, wanacheka, na siwalaumu. Lakini Mama akija kututembelea hajawahi kutuambia anaondoka. Usiku mnaongea vizuri, anawasuka wajukuu, asubuhi unakuta kitanda kimetandikwa, shuka limenyooka, mlango umerudishwa taratibu. Mchana anapiga simu: "Nimefika." Zamani nilikuwa nakasirika. Sasa hospitali wamemwambia moyo wake umechoka, asisafiri safari ndefu, na mimi sikasiriki tena, naogopa, uoga uleule wa kibanjani. Kwa hiyo akija namwachia chumba changu, natandika godoro sebuleni, nimelisukuma likagusa mlango wa kutokea nje. Wanangu wanauliza kwa nini nalala pale, nawaambia chumbani kuna joto. Karagwe hii ya baridi, joto! Basi. Akitaka kuondoka, anikanyage kwanza.