Mashine Niliyoichagua kwa Masikio

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu, na jambo lao nikilishika siliachii. Zena alipochumbiwa, wakwe zake kutoka kijiji cha Mboko walitaka kuona kama yatima ana mtu nyuma yake. Niliwaahidi harusi yenye taa za umeme.

Katika duka moja mjini Baraka nilizipita karabai zote nikaenda kwenye mashine kutafuta jenereta. Moja ilinguruma vizuri, nami huchagua kwa masikio.

"Inatosha mingi?" niliuliza. Kwetu kutosha ni kutoa.

"Inatosha mingi, yaya," alijibu muuzaji, akiniheshimu kama mkubwa wake. "Hata jirani atapata."

Sikuuliza inatosha nini. Niliona swali hilo ni la watu wasiojua mashine.

Siku ya harusi, jua likizama na wakwe wameshaketi, niliiwasha kwa kuvuta kamba mara moja.  Nilishika waya wenye taa, nikaizunguka mashine nikitafuta pa kuuchomeka. Niliona midomo miwili tu, mipana kama vikombe.

Dada wa bwana harusi alikuja akainama, akachungulia mdomo mmoja.

"Shemeji, hii iko pompi ya kuvuta mai mtoni. Sasa taa tutazijaza na ndoo?"