Mama Alivyoshindwa Kuendesha Gari

Harufu ya klachi inayoungua bado inanitoa machozi, wenzangu. Juzi kwenye foleni ya Rockville Pike, lori kuukuu lilikuwa likijikokota mbele yangu, harufu ile ikaingia dirishani, ikabidi niegeshe pembeni. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu Kiingereza, akaniuliza, "Bibi, you okay?" Nikamwambia nipo sawa. Uongo mtupu.

Baba alikuwa dereva wa ubalozi wetu hapa Washington, siku zile uhuru wa nchi yetu ukiwa bado mbichi. Waziri Mkuu wetu wa kwanza alipokuja ziara, baba ndiye aliyemwendesha. Walipigwa picha tukaitundika sebuleni, mkubwa yule akicheka, baba amekaza shingo kama mwenye jipu. Tuliringa jamani! Haukupita mwaka, wanajeshi wakampindua wakamuua. Watu wake wote wakaitwa nyumbani, na walioitwa hawakuonekana tena. Ili baba asithubutu kubaki Marekani, wakamkamata mdogo wake.

Baba akawaomba muda kidogo. Alisema ataondoka mama akishajua kuendesha gari, maana nchi hii, bila gari, mwanamke na mtoto watakula nini? Basi kila alasiri tukawa tunakwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya kanisa na kigari chetu cha gia. Mama anakanyaga, gari linaruka kama mbuzi, linazima. Anawasha, linazima tena, na klachi inafuka moshi. Mimi kiti cha nyuma nacheka mpaka mbavu zinauma.

"Mama Neema, achia mguu taratibu," baba anambembeleza.

"Nimeshakuambia sina akili ya magari mimi! Kama unaona nachelewa, shauri yako!"

Baba anageukia dirishani. Nami, kichwa maji wa miaka saba, namwambia mama hata mimi ningeweza.

Jumapili moja akaja kijana aliyetoka nyumbani. Alimwambia baba kwamba mdogo wake anapigwa kila siku, sasa anakojoa damu, na mwezi hataumaliza. Baba aliketi sakafuni, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akaliweka mezani.

"Wanasema ndugu mui heri kuwa naye," akasema. "Na wako wala si mui. Kesho nitakupeleka mwenyewe."

Asubuhi mama akashika usukani mpaka uwanja wa ndege wa Dulles. Vilima, taa nyekundu, malori yakitupita kwa kishindo, na gari halikuzima hata mara moja. Baba hakuitazama barabara. Alimtazama mama njia nzima.

Baba mdogo aliachiwa. Baba hatukumwona tena, na kaburi lake hatulijui. Matanga hatujakaa mpaka leo.

Miaka mingi niliamini mama alijaliwa muujiza wa usiku mmoja. Nilikuwa na mume na watoto wangu ndipo nikaelewa kwamba alijua kuendesha tangu wiki ile ya kwanza. Kila alipolizima gari, alikuwa akimwongezea mumewe siku ya kuishi. Na asubuhi ile, tulipopanda kilima cha kwanza bila gari kushtuka, mimi nilisimama juu ya kiti nikampigia makofi. "Mama," nikapiga kelele, "umeweza!"