Kidonge Chini ya Ulimi

Fundi Saa, jirani yangu wa ukuta mmoja, alipokutwa na kifua kikuu, wateja walimkimbia hata saa zao mbovu wakaziacha mezani. Mkewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe akapiga simu: "Baba, tutakuja ukishapona kabisa." Mtoto huyo! Basi zahanati ikataka mtu wa kumsimamia akimeza dawa kila asubuhi, na mtu mwenyewe nikawa mimi, muuza mkaa nisiye na subira.

Nilikuwa namfungulia madirisha, nakaa mlangoni penye hewa, naanza kufoka. "Haya, meza. Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Hata marehemu mke wangu hakunikagua hivi."

"Angekukagua ungekuwa na adabu!"

Basi atacheka mpaka akohoe. Anameza kidonge kimoja, anapiga soga. Anashika kingine, soga upya. Nikimhimiza, ananiambia haraka haraka haina baraka. Na mkaa wangu uko nje, hauna muuzaji!

Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi, suruali ikaacha kumpwaya. Nesi akatuambia zimebaki wiki chache tu, na asiruke hata siku moja, maana ugonjwa ukirudi utakuwa sugu na dawa hizi hazitaufanya kitu. Mimi nikashangilia. Fundi akahesabu wiki hizo kwa vidole.

Kesho yake alimeza upesi upesi, bila soga. Nikamwambia ainue ulimi. Akagoma. Weee! Nikamshika kidevu. Vidonge viwili vilikuwa vimejibanza pale chini, vimeanza kutoa rangi.

Nilimshukia kama mvua ya mawe. "Unataka kufa? Unataka utuambukize mtaa mzima? Naacha biashara yangu nije kuchezewa shere hapa?"

Akavitema kiganjani, akaviangalia.

"Si dawa zikiisha na wewe huji tena?"

Roho iliniuma. Nilitaka kumwambia nitakuja, ila ananijua: nina mkaa, nina wajukuu, na kabla hajaugua hata salamu nilikuwa naitupa huku napita. Nikammiminia maji kikombeni.

"Meza kwanza, Fundi."

Akameza. Kisha akafungua mdomo bila kuambiwa, akainua ulimi, akakaa hivyo hivyo muda mrefu ili nimwangalie.