Mlima Uliokuwa Kwenye Kanda

Damascène fundi redio alikuwa mtu wa kujifungia, na katika mji wa Gisenyi wa mwaka 1998, wakati wa vita, kujifungia kulikuwa kosa tosha. Waasi walikuwa wakishuka usiku kutoka upande wa Bugeshi, watu wanauawa, na kila jirani alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Yeye, badala ya kukaa mlangoni aonekane, alikuwa chumbani na mchezo wake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kompyuta ya zamani aliyoinunua Goma, ile ya kuunganishwa na televisheni. Ulianzia kwenye mashine kubwa za Ulaya za kutumbukiza sarafu. Huko ukawashinda watu, ukasahaulika, ukaishia kwenye kanda kama za muziki. Kajitu kadogo kanaruka jiwe hadi jiwe, kanapanda mlima wenye moto kileleni, na njiani kanawapiga risasi walinzi wenye kofia nyekundu. Miaka yote Damascène hakuwahi kuvuka ngazi ya nne. Aliupenda hivyo hivyo, kichwa kigumu yule.

Kompyuta ikiisoma kanda, hutoka mlio mkali wa kukwaruza masikio. Na kanda haikusomeka wakati mashine ya kusaga nafaka ya jirani inafanya kazi, maana mashine hiyo ilinyonya umeme wote. Basi Damascène alisubiri mashine izimwe, ndipo aweke kanda. Mwenye mashine, Mukagatare, aliyekuwa amemzika mwanawe majuzi tu, akawaza: kila nikizima, huyu anaanza kuwatumia wauaji habari. Akaenda kusema kwa watu wa usalama. Nani wa kumlaumu?

Karangwa wa usalama alikuja mchana, amevaa kiraia. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka.

"Nionyeshe huo mchezo unaodai kuucheza. Nisipouona, tunaondoka wote wawili."

"Chef, mpaka mashine ya mama izimwe kwanza. Inakula courant yote."

Karangwa alitoa amri dirishani. Mashine ikanyamaza, wanawake wakabaki uani na ndoo zao za mahindi. Mlio ukaanza, naye akausikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho. Kisha mlima ukatokea, na Damascène akashusha pumzi. Amepona.

"Huu ni mlima gani?"

Damascène alitazama kioo, na kwa mara ya kwanza akaona anachokiona mwenzake: mlima wa moto, vijia, mtu mwenye bunduki, walinzi wanaanguka. Nje ya dirisha volkano ya Nyiragongo ilikuwa ikifuka moshi.

"Haiko mulima ya hapa, chef. Ni muchezo tu, ya Wazungu."

"Anapanda kwenda kwa nani?"

"Mi sijui. Hakuna mutu amefika juu."

Karangwa akavuta kigoda, akaketi. "Panda. Tuone nani anamsubiri."

Akapanda. Hofu ilimpa mikono asiyokuwa nayo. Ngazi ya nne ikapita, ya tano ikapita, moto ukajaa kioo, na kando ya moto mlango ukaanza kufunguka. Karangwa aliinama mbele.

Uani mteja mmoja alinung'unika kwamba watoto wana njaa. Mukagatare, asiyesikia tena ule mlio, akadhani mambo yamekwisha, akawasha mashine.

Kioo kikawa cheusi. Damascène alibaki ameshika kijiti cha kuchezea. Karangwa alinyanyuka taratibu, akachomoa kanda, akaitia mfukoni.

"Chukua koti," alisema. "Tunakokwenda kuna baridi."