Fundi Saa Anatafuta Nyumba Ugenini

Mtaani walimwita Fundi Saa, na hata tarishi akileta barua aliulizia kwa jina hilo. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango na nusu, limebanwa kati ya duka la magodoro na ngazi za kupandia kwa daktari wa meno. Miaka thelathini na minne alikaa pale ameinama, miwani ya jicho moja imembana usoni, akifungua saa za mkono za watu na kuzifufua. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye vidole vyembamba kama vya msichana, na aliona haya haraka.

Alipofikisha miaka sitini na mmoja, mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne nyuma. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, naye alikuwa ameolewa nchi nyingine, mwendo wa saa tatu kwa ndege. Huko kulikuwa na wajukuu wawili waliomjua babu yao kama uso wa kwenye simu. Siku moja mdogo wao, wa miaka mitatu, aliuliza kama babu ana miguu. Kila mtu alicheka. Fundi Saa naye alicheka, kisha akakaa na lile swali wiki nzima, na Jumapili akamwambia binti yake kwamba anataka kuuza nyumba na kununua nyingine huko, ndogo tu, karibu nao.

Binti alifurahi sana. Papo hapo alianza kutoa maagizo. "Baba, tafuta madalali wanne watano, uwashindanishe. Na usimwambie hata mmoja kwamba kuna mwingine."

Muuza magodoro, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, naye alikuwa na lake. "Dalali usimwambie ukweli, ndugu yangu. Ukisema una mia, atakutafutia ya mia na ishirini halafu akupe pole."

Fundi Saa hakuwa amewahi kununua kitu kikubwa kuliko jokofu. Akaona hawa wanajua mambo. Akawaandikia madalali wanne wa mji ule ujumbe mmoja, neno kwa neno, na kwa kila mmoja akataja kiasi kidogo kuliko alichokuwa nacho. Kila mmoja akajibu kwa bashasha.

Wiki ya tatu ndipo alipoumbuka.

Mmoja wa madalali wale alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Alimpigia simu ya picha saa nne asubuhi ili amwonyeshe fleti ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Fundi Saa aliweka kibano chini, akaegemeza simu kwenye kopo la mafuta, akatazama. Aliona ngazi zikipita polepole, akasikia dalali akihema, akagundua kwamba kila baada ya ngazi chache anasimama kupumzisha goti. Mpangaji wa fleti ile, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje kufungua, alimkaribisha ndani. Walikuwa hawajamaliza sebule mlango ukagongwa. Akaingia kijana mwenye koti la suti na faili mkononi.

"Nina mteja wa nje ya nchi," kijana alisema. "Mzee mmoja, anatengeneza saa."

Picha kwenye simu ikaonyesha dari, kisha vigae vya sakafuni. Kisha uso wa yule mama ukarudi, hauna hasira, umechoka tu.

"Mzee, nipo hapa na mwenzangu. Naona umetutuma wote wawili. Niendelee mimi au nimwachie yeye?"

Fundi Saa alihisi masikio yanawaka. "Mtandao," alisema. "Mtandao wa huku ni mbaya leo." Akakata simu.

Siku ile hakufanya kazi ya maana. Mchana alikuja mteja na saa ya dhahabu ya babake. Fundi alipoutoa mfuniko wa nyuma aliona alama za bisibisi za watu wengine wawili, mpya kabisa. Aliwajua wateja wa aina hii. Hupeleka saa kwa fundi wa kwanza aifungue na kusema ugonjwa, kwa wa pili aifungue tena, kisha wakaenda kwa wa tatu na majibu mkononi. Mara ngapi amekaa saa nzima akichunguza, kisha mtu akaichukua saa yake na kusema "nitarudi"? Alizoea kuwasema kwa mkewe, na mkewe alipofariki, kwa muuza magodoro. Alirudisha mfuniko taratibu. Na yeye sasa alikuwa mmoja wao.

Jioni aliwaandikia wale madalali watatu wengine, kila mmoja kwa maneno yake, akawashukuru kwa kazi waliyokwisha kufanya na kuwaambia waache kumtafutia. Kwa yule kijana wa suti aliongeza kumwomba radhi. Kisha akamwandikia yule mama kumuuliza saa ngapi kesho anaweza kupigiwa simu bila kusumbuliwa. Akajibiwa: saa tatu.

Saa tatu kamili akapiga. "Dada, jana mtandao haukuwa mbaya. Nilikata mwenyewe."

"Najua, mzee wangu. Mtandao ukiwa mbaya, picha huganda kwanza."

Kisha akasikia kitu kama kicheko kidogo upande wa pili, akapata nguvu. "Nilikosea. Nimewaambia wengine basi. Kama bado una moyo wa kunitafutia, nitakuwa na wewe peke yako. Kama huna, nitaelewa."

"Sikiliza, mzee. Zile funguo za getini nilizifuata tangu asubuhi kwa mwenye nyumba, nikapanda mabasi mawili. Silalamiki, ndiyo kazi yangu. Lakini mimi silipwi kwa kuonyesha, nalipwa mtu akinunua. Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Niambie ukweli wa mfuko wako, na nyumba usipoipenda, niambie siku hiyo hiyo. Usiniambie 'ngoja nifikirie' na wewe umeshaamua."

Fundi Saa akamwambia ukweli. Akataja kiasi alichonacho, akaeleza kwamba hata hicho hakitakuwa mkononi mpaka nyumba yake ipate mnunuzi.

"Hapo umenisaidia," dalali alisema. "Sitamsumbua mwenye nyumba yeyote kabla hujawa tayari."

Tangu siku ile mambo yalikaa sawa. Akitumiwa picha za nyumba, Fundi Saa alijibu kabla ya kufunga duka, na hapana yake aliifuatisha na sababu: ngazi nyingi, dirisha linatazama ukuta, mbali na binti. Hakupiga simu ovyo. Alijua saa saba dalali yuko kwenye geti la shule kumchukua mwanawe, kwa sababu aliwahi kumuuliza siku yake inakwendaje, naye akasema ni mteja wa kwanza kuuliza. Dalali naye alijifunza macho ya fundi. Alipoelewa kwamba kazi ya saa inataka mwanga usiomulika wala kufifia, alianza kumtumia picha tatu za dirisha lile lile: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Nyumba nyingi zilianguka kwenye mtihani wa alasiri.

Mwezi wa tano nyumba ya Fundi Saa ilipata mnunuzi, na mwenyewe akasafiri kwa siku nne kwenda kuona kwa macho. Alikuwa ameomba aonyeshwe nyumba nne tu, zile zilizofaa kweli. Binti yake aliomba ruhusa kazini ili awasindikize, na ndiye aliyewatoa jasho. Katika nyumba ya kwanza alisema, mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale, kwamba jiko hilo lingefaa kuwa kabati la viatu. Mwenye nyumba alikuwa amepika humo miaka ishirini.

"Mama, tulia," Fundi Saa alimnong'oneza binti yake. "Hapa ni kwa mtu."

"Si ndiyo kushusha bei, baba?"

"Bei ataishusha dada. Sisi tutazame."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya chini, ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anahamia kwa mwanawe. Vyumba viwili, ua wa kutosha viti vitatu, na nyuma chumba kidogo chenye dirisha pana. Fundi Saa aliingia kwenye kile chumba, akanyoosha mkono mbele ya dirisha, akautazama kwenye ule mwanga. Dalali alimwona, akampisha. Kwa binti ilikuwa dakika kumi na moja kwa miguu, alizihesabu mwenyewe.

Saa saba kasorobo dalali aliaga kwenda shuleni, na binti akatoka kupokea simu ya kazini. Mwalimu akamsogelea Fundi Saa. Alikuwa mtu mcheshi, wa kupiga mabega.

"Sasa tumeshaonana, mzee mwenzangu. Huyu dada wa nini tena kati yetu? Njoo kesho peke yako, tumalizane wenyewe. Fungu lake tunagawana."

Fundi Saa alitazama viatu vyake kidogo. "Mwalimu, nyumba yako sikuiota. Nililetwa. Angenificha, leo nisingejua kama ipo."

"Hawezi kujua."

"Mimi nitajua. Nyumba nimeipenda, na nitainunua kwa mkono wake, ukikubali. Na haya maneno nitafanya kama hayakusemwa."

Mwalimu akampiga bega, akacheka, akaenda kuweka maji ya chai. Fundi Saa alirudi kwao bila kumgusia mtu habari ile.

Siku kumi baadaye dalali alimpigia simu, na safari hii sauti yake ilikuwa nzito. Alikuwa ametoka ofisi ya ardhi kulinganisha hati na nyumba. Kile chumba cha nyuma, chenye dirisha pana, hakikuwa kwenye ramani. Mwalimu alikijenga miaka kumi na mitano nyuma bila kibali.

"Maana yake nini, dada?"

"Maana yake ukinunua leo, kesho manispaa inaweza kukuamuru ukibomoe. Nimeongea na mwalimu. Amekubali kukiandikisha kwanza, kwa gharama zake. Itachukua wiki sita, saba. Mimi nasema tusubiri. Kama huwezi, nakutafutia nyingine."

Fundi Saa alihesabu wiki. Nyumba yake ilitakiwa iachwe wazi baada ya wiki tatu. "Ungeweza kunyamaza," alisema. "Sasa hivi ungekuwa umeshapata chako."

"Ningeweza. Na wewe ungeweza kurudi kwa mwalimu kesho yake peke yako."

Fundi Saa aliona haya kama ameshikwa na kosa. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Alinisimulia huku anacheka, ati nimekutoa wapi mtu kama wewe." Dalali akakohoa kidogo. "Hata hivyo ningekwambia habari ya chumba, mzee wangu. Labda ningechelewa siku mbili, nikijipa moyo. Safari hii nimepiga nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi."

Basi walisubiri. Fundi Saa alikabidhi nyumba yake kwa mnunuzi, akafunga vifaa vyake kwenye masanduku mawili, na kwa wiki tano akalala kwenye ghala la muuza magodoro, juu ya magodoro manane yaliyopangwa. Ilibidi apande kwa stuli. Muuza magodoro aliwaambia wateja kwamba bidhaa yake ina shahidi, na akawa anamwita ashuke atoe ushahidi. Mtaani walisema hawajawahi kumwona Fundi Saa amenenepa namna ile.

Kila Ijumaa dalali alituma ujumbe mmoja: fomu imepokelewa, mkaguzi amekuja, mkaguzi amesahau futi yake ya kupimia, atarudi, muhuri umepigwa. Fundi Saa alijibu "asante, dada" na hakumharakisha hata mara moja, ingawa Ijumaa ya mkaguzi aliyesahau futi alitembea kuzunguka mtaa mara tatu kabla ya kujibu. Wiki ya saba ramani mpya ilitoka, chumba kimo. Walitia saini kwa wakili siku ya Jumanne: mwalimu, binti, Fundi Saa aliyesafiri kwa ajili hiyo, na dalali ambaye goti lake lilimfanya aombe kiti cha karibu na mlango. Wakili alipomuuliza Fundi Saa kama ameelewa kila ukurasa, alisema ameelewa, kwa sababu dada alimsomea wote kwa simu, siku mbili, na pale aliposinzia akarudia.

Alihamia mwanzoni mwa mwezi wa nane. Wiki ya pili, asubuhi ya Jumatano, alikuwa anapanga meza yake ya kazi aliposikia mlango ukifunguliwa bila hodi. Ni binti yake, na kikapu cha nguo ambazo alisema mashine ya kwake imekataa kuzifua. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akaanza. Mumewe haokoti hata soksi. Bosi wake ana roho mbaya. Mtoto mkubwa anadanganya kuhusu mazoezi ya shule, na yeye mwenyewe mgongo unamuuma tangu Ijumaa.

Fundi Saa alimsikiliza mkono shavuni. Kwa miaka tisa ya simu za Jumapili binti huyu alikuwa mzima, mumewe mzima, kazi nzuri, watoto hawana neno. Sasa, kumbe, hakuna lililokuwa limenyooka, na anaambiwa yote kwa mpigo, asubuhi ya siku ya kazi, kama watu wanaokaa pamoja.

"Endelea," alimwambia, akainuka kuweka chai. "Huyo bosi alisemaje?"