Amana Haina Zawadi

Naikumbuka vyema siku niliyotoka Wawi kwenda Chake Chake kuhamisha pesa zangu kwa ajili ya doti ya kanga. Usicheke, mwanangu. Nawe leo umeniambia kuwa benki nyingine itakupa simu mpya ukihamishia mshahara wako kwao, na macho yako yanang'aa kama yalivyong'aa yangu.

Zilikuwa zama za Sultani, nami nimeolewa karibuni. Pesa za kuchuma karafuu na kusuka mikeka niliziweka kwa Mzee Khamis, mshona kanzu wa pale Wawi. Alikuwa na sanduku, na humo kila mtu ana kitambaa chake, na fundo alilolifunga mwenyewe. Hakukupa kitu juu yake, ila ukienda hata alfajiri, fundo lako utalikuta.

Basi akaja mfanyabiashara wa karafuu, akafungua duka Chake Chake, akatangaza kuwa mwenye kuweka pesa kwake atapata doti ya kanga na ratili ya sukari. Wenzangu wakaenda. Nami niachwe? Nikamwendea Mzee Khamis, akanipa kitambaa changu.

"Chukua, mwanangu, chako hichi," akasema. "Lakini jua, amana haina zawadi. Ukishapewa zawadi, ushamkopesha mtu."

Nikamdhania mzee ana wivu. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nani akumbuke hayo naye anangojewa na kanga? Yule tajiri akalifungua fundo langu, akazimimina pesa kwenye mtoto wa meza, yaani droo, pamoja na za wengine. Nikaziona zikichanganyika, wala sikuuliza kitu.

Haukupita muda, mama yangu jicho likamvimba. Daktari akasema avushwe Unguja upesi, litapona. Nikaenda dukani mbio.

"Bwana, nnataka pesa zangu. Mama n'mgonjwa."

"Bi Asha, pesa zimo kwenye karafuu. Ngoja ziuzwe. Kwani kanga hukupokea?"

Hakunidhulumu, nasema kweli. Msimu ulipokwisha alinilipa zote. Lakini jicho halikungoja msimu. Sanduku la Mzee Khamis lilijaa, ila za watu hagusi, nami humo sikuwa na fundo tena. Tukahangaika kukopa nauli huku na huku, na tulipofika hospitali Unguja tukaambiwa tumechelewa. Nililia, nikamwomba mama radhi.

"Nshakusamehe," akasema. "Sogea nkuone kwa hili lililosalia."

Mpaka leo neno lile linaniuma, mwanangu.

Sikukatazi kuhama. Simu ni kitu cha faida, na chako ni chako. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila kinachojitembeza ni kibaya, lakini kiulize. Kabla hujatia saini, waambie wakueleze pesa zitafungwa muda gani, na ukizitaka kabla, watakukata nini. Fikiri pia kuhusu huko unakotoka, wanakokujua na kukukopesha bila maswali mengi. Ugenini utaanza upya. Wakikujibu kwa tabasamu tu, waambie waandike.

Mungu akuzidishie riziki yenye baraka, na siku ya dhiki unyooshe mkono ukikute chako. Amin.